Mrushaji wa kuanza akichoka, atolewe lini?

Wakuu, kwenye besiboli ya MLB (ligi kuu ya Marekani) kocha anajuaje mrushaji, yule anayewarushia wapigaji mpira, amekwisha? Mirusho 100 ndiyo kikomo?

Jibu: Mkuu, 100 ni makadirio tu. Tazama glavu ya mdakaji, anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Akiiweka usawa wa magoti halafu mpira ukaja kifuani mara mbili tatu mfululizo, ujue miguu ya mrushaji imechoka: mkono unachelewa, mpira unaachiwa mapema. Kasi ikishuka kutoka maili 95 kwa saa hadi 92, usisubiri. Na mirusho 30 ndani ya inningi moja (kipindi cha mchezo) inamaliza mtu kuliko 15 na 15 katika mbili.

Jibu: Wapigaji wakikutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu katika mchezo wameshamsoma, hata kasi ikiwepo. Ndiyo maana Kevin Cash, kocha wa Rays, alimtoa mrushaji Blake Snell baada ya mirusho 73, mchezo wa 6 wa World Series (fainali ya MLB) 2020 dhidi ya Dodgers, wakiongoza 1-0. Dodgers wakashinda 3-1. Kwangu alikosea: Snell alikuwa ameshatoa wapigaji 9 kwa straiki tatu kila mmoja! Ila 2003 Grady Little, kocha wa Red Sox, alimwacha mrushaji wake Pedro Martínez inningi ya 8 dhidi ya Yankees, uongozi wa 5-2 ukayeyuka.

Jibu: Mrushaji wa akiba aanze kupasha misuli mapema, kabla mambo hayajaharibika. Kocha akimfuata mrushaji uwanjani mara ya pili inningi ileile, lazima amtoe. Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabili wapigaji 3 au amalize inningi, hivyo chagua anayewaweza wote watatu, si wa kwanza pekee.