Je, maji ya moto na sabuni huondoa mafuta kwenye bomba la majitaka?

Muuza Chipsi, Ilala: Ndugu wanajukwaa, mpishi wangu humwaga mafuta yaliyochoka kwenye sinki, kisha hufuatisha maji ya moto na sabuni, akidai kwamba hayana madhara. Chemba ya nyuma imeanza kufurika. Je, kuna uhusiano?

Fundi Bomba: Upo, ndugu yangu. Maji ya moto huyasukuma mafuta mbele tu. Yakishapoa huganda kwenye kuta za bomba, na asidi zake zikikutana na kalsiamu iliyomo kwenye majitaka hugeuka kitu kigumu kama sabuni ya mche. Funua chemba utazame ukoko mweupe uliozunguka mdomo wa bomba.

Mkazi wa London: Huku, mwaka 2017, katika bomba la majitaka chini ya mtaa wa Whitechapel lilikutwa donge la mafuta yaliyoshikamana na vitambaa vya kujipangusia, lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 130. Kipande chake kilionyeshwa katika jumba la makumbusho mwaka 2018, na watu, ajabu, walikwenda kukitazama.

Muuza Chipsi, Ilala: Sasa niyapeleke wapi?

Fundi Bomba: Yaache yapoe, uyachuje, uyatie kwenye dumu lenye kifuniko, kisha uulizie watengenezaji wa sabuni, kwani baadhi yao huyanunua. Makarai yafutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Kwa biashara ya kukaanga kila siku, jenga pia kinasa mafuta, yaani kisanduku cha kuzuia mafuta yasipite, kati ya sinki na chemba, nacho kisafishwe kabla tabaka la mafuta na mashapo halijafikia robo ya kina chake.