Timbuktu: kuvunja maziara ya watu ni suala la dini au ni jinai?

Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule The Hague, ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kushiriki kuvunja maziara 9 ya mawalii na mlango wa msikiti wa Sidi Yahia mjini Timbuktu, kaskazini mwa Mali. Wapo wanaosema ile ilikuwa hitilafu ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe, mahakama ya Ulaya haikuwa na la kufanya pale. Mimi nasema ilihukumu sawa.

Hoja yao ya dini naijua. Imo hadithi katika Sahihi Muslim, kwamba Ali bin Abi Talib alitumwa na Mtume (s.a.w.) asiache kaburi lililoinuliwa ila alisawazishe. Sisi wa pwani tumeisikia sana. Lamu, wakati wa Maulidi, watu huenda kuzuru kaburi la mwanachuoni Habib Swaleh, na wako masheikh wanaoikemea ziara hiyo waziwazi. Huyu analeta kitabu chake, yule anajibu kwa chake. Huko ndiko kuhitilafiana, na sina ugomvi nako.

Timbuktu mwaka 2012 hapakuwa na wa kujibizana naye. Ansar Dine, kundi la wapiganaji wa jihadi, na wenzao wa al-Qaida waliushika mji kwa bunduki. Al-Mahdi, mwalimu mzaliwa wa maeneo hayo hayo, akapewa Hisba, kikosi chao cha kusimamia maadili ya dini, aiongoze. Kinachoniuma zaidi ni hiki kilichoelezwa kortini: yeye naye aliona si halali kujengea makaburi, lakini aliwashauri wakubwa wake wasiyavunje, wasije wakakosana na wenyeji. Amri ilipotoka, aliandika khutba ya Ijumaa ya kuhalalisha kazi hiyo, akapanga waanze na lipi, akagawa zana. Kisha sululu zikaanza.

Tazameni ule mlango. Wazee wa mji waliamini haufunguliwi mpaka mwisho wa dunia. Kama hiyo ni itikadi potofu, mwenye elimu hukaa na wazee akawasomesha, hata ikichukua miaka. Wale waliubomoa na kuwaeleza waandishi wa habari sababu, wenyewe wenye msikiti wakitazama bila uwezo wa kusema neno. Hiyo si da'wa. Ni kuwadhalilisha watu ndani ya nyumba yao ya ibada.

Hoja nyingine ina uzito, na sitaipuuza: dunia ililia kuta za udongo wakati wanawake wanachapwa viboko na watu wanakatwa mikono. Ni kweli, haki ya hao ilichelewa mno. Al Hassan, aliyekuwa katika polisi yao, alitiwa hatiani 2024 tu. Lakini waliochapa na waliovunja ni utawala mmoja, na nia ni moja: mwenyeji asibakiwe na chochote cha kujivunia. Ndiyo maana mafundi wa Timbuktu waliyajenga upya maziara yale, kwa ujenzi wao wa asili, kazi ikakamilika 2015. Mtu hahangaiki hivyo kwa udongo mtupu.

Na al-Mahdi mwenyewe alikiri kosa kortini, akaomba radhi, akawasihi Waislamu wasifuate alichofanya. Sasa nyinyi mnaomtetea, mnamtetea kwa hoja gani ambayo yeye hakuwa nayo?