Tupeane uzoefu: wapangaji wakipungua, wenye nyumba tunafanyaje?

Wakuu, salaam. Nina vyumba vya kupangisha Kimara. Siku hizi kibao cha "chumba kinapangishwa" kipo karibu kila geti, na chumba kikiachwa wazi kinakaa. Waliopitia hali hii watupe uzoefu wao, hasa nini kilisaidia.

Mdau wa Mtwara
Huku tuliyaona makubwa. Kati ya 2012 na 2014 gesi ilipopamba moto, kila mwenye kiwanja alijenga akiwalenga watu wa kampuni. Bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, ule mradi mkubwa wa kusindika gesi kule Lindi nao ukawa wa kusubiri, wageni wakafungasha. Majumba ya vyumba vinne yakabaki na walinzi.

Mimi nyumba yangu niliigawa mara mbili: kila upande mlango wake, jiko lake na luku yake. Wakaja mwalimu na nesi. Kodi ya pande zote mbili haifiki ile aliyokuwa akilipa mtu wa kampuni, lakini hawa mishahara yao haitegemei gesi. Ndugu zangu, kabla hujajenga jiulize mpangaji wako analipwa na nani, na huyo anayemlipa akiondoka, atabaki nani.

Mdau wa Sinza
Naunga mkono. Sisi tulitegemea wanafunzi wa Mlimani. 2017 zikafunguliwa hosteli mpya chuoni za wanafunzi 3,840. Bado tunajipanga, Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Tangu hapo nusu ya vyumba nawapa wafanyakazi na wafanyabiashara, hata mwanafunzi akija na kodi ya mwaka mkononi.

Mdau wa Morogoro
Pigeni hesabu. Chumba cha 150,000 kikikaa wazi miezi mitatu, umepoteza 450,000. Ukishusha hadi 130,000, mwaka mzima unapoteza 240,000. Shusheni mapema.

Mdau wa Dodoma
Mkuu wa Morogoro, hesabu yako ni sawa, ila ukishusha kwa mmoja, kesho wote wanagonga mlango wako. Mimi bei siigusi, nalegeza masharti: badala ya miezi sita napokea miwili miwili.

Halafu maji. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku 2016 watu wamejenga sana, kwa hiyo mpangaji ana pa kuchagua. Akija kuangalia nyumba anafungua bomba kwanza, ndipo anauliza kodi. Niliweka simtank la lita 5,000 juu ya mnara, na dalali sasa ananipigia yeye kuuliza kama kuna chumba.

Na mpangaji mzuri akikwama mwezi mmoja, mvumilieni. Ukimtoa, utalipa dalali, utapaka rangi, utabadili kitasa, na chumba bado kiko wazi.

Mleta mada
Shukrani sana wakuu. Vyumba vyangu vinachangia luku moja na ugomvi hauishi, kwa hiyo naanza na hilo. Mkuu wa Mtwara, choo cha upande wa pili ulichimba shimo jipya?

Mdau wa Mtwara
Hapana, niliunganisha kwenye septiki ileile, nikajenga chemba mpya tu. Ila mwite fundi apime kwanza ujazo wa shimo. La kwangu lilikuwa la familia kubwa, ndiyo maana lilihimili.