Naombeni ushauri wakuu: kulala kisiwa kisicho na watu siku nne, nibebe maji kiasi gani na hema la aina gani?

Kasia Bubu (mwanzisha uzi)
Habari za humu wakuu. Mimi huwa nasoma tu sichangii, leo nimebanwa ikabidi niandike. Kuna kisiwa kidogo nimekipania muda mrefu, hakina watu, hakina kisima, hakina gati, upande mmoja miti kiasi na upande mwingine mchanga mtupu, toka ufukweni mpaka pale ni kama kilomita saba kwa kayaki. Mpango ni kulala siku nne. Hema lipo ila ni zito na fito moja imepinda, nawaza ninunue jepesi au nibebe machela nifunge kwenye miti. Halafu maji, nimeona lita nane zinatosha au? Majibu ya haraka tafadhali maana siku zimekaribia na usingizi wenyewe sasa hivi naupata kwa shida.

Mama Bamvua
Lita nane siku nne? Hizo utazimaliza kesho yake mchana. Piga lita nne kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia, halafu ongeza siku moja ya upepo kukukatalia kurudi, maana utakukatalia tu. Hapo ni lita ishirini, na lita ishirini ni kilo ishirini, usizitie kwenye dumu moja, likipasuka umekwisha. Gawa kwenye vyombo vidogo vidogo, viweke chini kabisa karibu na kiti, ukizijaza mbele au nyuma kabisa kayaki itakusumbua kushika njia. Mko wangapi kwani?

Shemeji wa Wote
Machela mkuu, usisikilize mtu. Hema kwenye mchanga ni mateso, mchanga unaingia kwenye zipu, zipu inakwama nusu, mbu wanapita hapo hapo. Mimi nililala kisiwani na jamaa zangu, usiku tukasikia sufuria inagongwa gonga nje, kila mtu kaganda anasikilizia mwenzake aseme kitu. Kumbe wale kaa wanaotembea na makombe mgongoni, wamejaa ndani ya sufuria wanakula masalia. Kuanzia siku hiyo vyombo naosha kabla jua halijazama.

Kasia Bubu
Asanteni sana, nimeongeza mpaka lita kumi na tano. Idadi tutaona, bado napanga panga. Sasa hema la fito za aluminiamu linastahimili chumvi au linaliwa?

Nahodha Mstaafu
Kijana, hema mwisho. Nijibu haya. Moja, hiyo kayaki ikipinduka katikati unajua kurudi ndani mwenyewe bila kukanyaga chini? Umejaribu ikiwa na mzigo? Kayaki yenye mzigo haina tabia moja na ile tupu. Mbili, ina vyumba vilivyozibwa mbele na nyuma au maji yakiingia yanatembea mpaka puani? Tatu, una redio ya majini ya mkononi? Chaneli 16 ndiyo ya dharura na simu yako si redio, kidole kikilowa kioo hakisikii, ukija kupata kidole kikavu mtandao hakuna. Nne, na hii ndiyo kubwa, nani anabaki nchi kavu akijua umetoka saa ngapi, unapita wapi, na ikifika saa ngapi hujaripoti apige simu kwa waokoaji?

Kasia Bubu
Mzee shikamoo na asante sana kwa kuchukua muda wako. Kurudi kwenye kayaki nimefanya mazoezi sehemu yenye maji ya kifua. Vyumba vipo viwili. Laifu jaketi ninayo na filimbi yake. Redio sina ila simu nimeinunulia mfuko usiopitisha maji, ule wa kuvaa shingoni. Kuhusu hema naona nimeelemea kwenye jepesi, linakuja na vigingi vya chuma, sijui kwenye mchanga vitashika?

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Namba nne umeiruka.

Chumvi Kidogo
Vigingi kwenye mchanga havishiki. Jaza mchanga kwenye mfuko, funga kamba ya hema, fukia chini kina cha mkono mzima. Hata upepo ukija na hasira zake unakuta kitu kimetulia.

Mama Bamvua
Na mimi nasubiri namba nne. Na ile yangu ya mko wangapi.

Kasia Bubu
Jamani mbona mmenibana hivyo. Sawa. Niko mwenyewe. Na nchi kavu hakuna anayejua, kwa sababu nyumbani nimeaga naenda semina ya kazini. Kabla hamjaanza, sina mchepuko wala sikimbii deni. Mke wangu anaogopa bahari kupita kiasi, nikimwambia ukweli ni ugomvi wa mwezi mzima na mwisho siendi. Nimekuwa mtu wa kwenda kazini na kurudi kwa miaka, nataka siku nne nisisikie sauti ya mtu basi. Na hata hivyo nimejipanga vizuri tu, nimechagua siku za nusu mwezi ili mikondo isiwe na nguvu, na katikati ya njia kuna fungu la mchanga, maji yakipwa linakauka lote, nitashuka hapo nipumzike ninyooshe miguu niendelee. Likizo imeshapitishwa na hema nimeshalilipia.

Binti Sajuki
Yaani hema kalilipia afu anatuuliza anunue au asinunue 😂

Mlango wa Pili
Kaka mimi sitaki kuzungumzia bahari, nazungumzia ndoa. Mwanaume ukianza kuaga semina ya uongo, leo ni kisiwa, kesho ni nini? Mkeo akipiga simu kazini? Mimi kwenye ndoa yangu tulikubaliana kitu kimoja tu, mahali ulipo usinidanganye, mengine tutasameheana. Na wanawake wanajua, wanakuangalia tu. Rudi nyumbani kaa naye chini ongea kama mtu mzima.

Shemeji wa Wote
Semina yenye hema na vigingi. Ukirudi na ngozi imeiva na mchanga masikioni utasema mada ilikuwa kilimo cha nchi kavu?

Nahodha Mstaafu
Ya ndoa mimi simo. Hesabu yangu ni hii. Kayaki yenye mzigo, mtu wa kawaida anaenda kama kilomita tano kwa saa, kilomita saba ni saa moja na nusu akiwa fiti. Mkondo ukikukata ubavuni hata wa kilomita mbili tu kwa saa, mpaka unamaliza umesukumwa kilomita tatu pembeni ya kisiwa, na hapo upepo sijautia. Ukikikosa, kinachofuata mbele ni nini? Sasa umepotea siku ya kwanza saa tatu asubuhi, mkeo anaanza kushangaa siku ya tano jioni, anapiga simu kazini kwako, wanamwambia semina gani. Waokoaji wanaanza kukutafuta ukumbini.

Kasia Bubu
Mzee nakuelewa lakini watu wanavuka peke yao kila siku, kuna mpaka waliovuka bahari kuu kwa kayaki. Mimi ni kilomita saba. Na nitatoka alfajiri kabla upepo wa baharini haujaamka.

Mpima Kina
Samahani wadau nawakatisha. Hii ni chai. Nimesoma uzi wote toka juu. Huyu anasema amechagua nusu mwezi. Nusu mwezi ni maji mafu, maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hapo hapo anasema fungu la katikati linakauka lote ashuke anyooshe miguu. Kwa maji mafu fungu gani linakauka lote? Mtu aliyeiona hiyo sehemu hawezi kuandika hivyo. Mazoezi ya maji ya kifua, semina, fito iliyopinda, anaweka vikolombwezo tu ili mzidi kujibu. Hakuna kisiwa hapa.

Binti Sajuki
Weee! Na mimi nilishaanza kumuonea huruma mkewe

Shemeji wa Wote
Chai kweli, ila imeungwa vizuri, mimi nakunywa tu.

Chumvi Kidogo
Mbona picha hajaweka hata moja. Weka picha ya kayaki tuone hivyo vyumba.

Kasia Bubu
Sasa nitunge ili nipate nini? Picha siweki, shemeji yangu yumo humu ndani. Fungu nimeliona kwa macho yangu, tulipita na boti ya watu tukashuka tukapiga mpaka picha, lilikuwa kavu kutoka huku mpaka kule. Tulirudi usiku, mwezi mkubwa kama sinia, njia yote tunaiona bila taa.

Mpima Kina
Mwezi mkubwa. Ahaa.

Mama Bamvua
Mpima Kina umemdhania vibaya ila umemsaidia kuliko sisi wote. Kasia Bubu soma taratibu. Siku uliyoliona ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, maji yanapwa mpaka chini kabisa ndiyo maana likakauka. Wewe unaenda nusu mwezi. Siku hizo lile fungu huenda lisitoke kabisa, litabaki chini ya maji ya magoti, na mawimbi yakitoka kwenye kina yakafika hapo yanasimama na kuvunjika. Yaani sehemu uliyoiwekea mpango wa kupumzika ndiyo sehemu ya kukupindua. Lizunguke kwa mbali, na kama huwezi kupiga kasia saa moja na nusu bila kushuka basi bado hujawa tayari.

Na lingine. Mikondo ya maji mafu ni dhaifu kweli, hapo umechagua vizuri. Ila maji mafu yakishapita, kila siku yanajaa juu zaidi ya jana, na saa zake zinasogea mbele kama dakika hamsini kwa siku. Utafika utaona mstari wa majani yaliyoletwa na maji, utaweka hema juu yake kidogo utafurahi, usiku wa nne maji yanakuja kukugongea. Tafuta mstari wa zamani, ule uliokauka na kufifia, uko juu zaidi karibu na miti. Hema liwe juu ya huo, na kayaki ifunge kwenye mti hata kama umeiburuta mbali, ikiondoka ndiyo umebaki.

Shemeji wa Wote
Mama hapo kwenye kayaki kuondoka unanikumbusha rafiki yangu, aliamka akaikuta inaelea kule, hana nguo, akawa anaiita kama ng'ombe.

Mpima Kina
Nimeelewa. Chai nairudisha jikoni. Mkuu nunua redio au azima, na moto ukiwasha washa chini ya mstari wa maji kujaa, bahari itasafisha majivu, na usizungushie mawe yaliyolowa, yakipata moto yanapasuka na kurusha vipande. Haja kubwa kwenye kisiwa kidogo hivyo usifukie, beba urudi nayo.

Mlango wa Pili
Hakuna anayezungumzia uongo wa semina tena?

Nahodha Mstaafu
Mimi nazungumzia namba nne. Haijajibiwa mpaka sasa hivi.

Kasia Bubu
Wakuu, nimekaa na haya maneno jana yote. Njia ya fungu nimeifuta, nitalizunguka. Maji ni lita ishirini. Redio kuna jamaa ananiazima, ameshanionyesha chaneli 16. Kuhusu namba nne nimemwambia dada yangu. Nimemwandikia kwenye karatasi rangi ya kayaki, saa ya kutoka, njia, upande nitakaolala, na saa kumi na mbili jioni ya siku ya kurudi ikifika kimya asinisubiri, apige simu kwa waokoaji. Amekubali. Ila ameniuliza, wifi yake akimpigia siku ya pili kuuliza kama semina inaendaje, yeye aseme nini. Hapo sina jibu.

Nahodha Mstaafu
Ongeza kwenye karatasi idadi ya lita za maji, wajue utahimili mpaka lini. Basi, mimi nimemaliza.

Mama Bamvua
Safari njema, upepo ukikataa usibishane nao, lala siku ya tano, maji unayo. Saa ya karatasi itafika, waite waokoaji kwa redio wajue uko salama, sio wakufuate.

Binti Sajuki
Sasa semina ikiongezwa siku moja nani anampigia wifi

Mlango wa Pili
NDIYO NILICHOKUWA NASEMA TOKA JUZI