T. C. Boyle kuhusu wahamiaji: The Tortilla Curtain au East Is East?

Mgebuka: Wakuu, kikundi chetu cha usomaji hapa Mwanga, Kigoma, kinataka riwaya moja ya kejeli ya Boyle, mwandishi wa Marekani. Zinazoshindanishwa ni East Is East (1990) na The Tortilla Curtain (1995). Ipi italeta ubishi mzuri?

BintiUjiji: Tortilla, bila kupepesa macho. Sura zinapokezana: Delaney na mkewe Kyra, Wamarekani, kwenye mtaa wa wenye nazo huko California; Cándido na mkewe América, Wameksiko, wamejificha bondeni, hawana vibali. Delaney anamgonga Cándido kwa gari, anampa dola 20, mambo yameisha! Fuatilieni geti la mtaa. Mwanzo Delaney analipinga, baadaye ukuta unajengwa, mwishowe anamsaka Cándido na bunduki. Huwezi kuonyesha ukurasa aliobadilika, na ndiyo ufundi wenyewe. Ina sehemu 3. Kila kikao sehemu moja.

Dagaa_Kibirizi: Sikatai, ila Boyle anamrundikia Cándido balaa mno: ajali, wizi, moto alioanzisha mwenyewe akichoma bata mzinga wa kupewa, halafu mafuriko. Msomaji anabaki kuhurumia tu, kejeli inapoa. East inauma zaidi. Hiro Tanaka, baharia Mjapani aliyezaliwa na baba Mmarekani, anajitosa baharini pwani ya Georgia akiamini Marekani itampokea chotara kama yeye. Mwandishi Mmarekani, Ruth, anamficha kwenye kibanda chake cha kuandikia, kisha anamfanya malighafi ya hadithi. Anayechekwa hapo ni mwandishi mwenye huruma, siyo maofisa wa uhamiaji peke yao.

Mgebuka: Kiingereza chake je? Wengine ni wa kidato cha nne.

KalamuKasulu: Vyote vina msamiati mgumu, lakini East inakwamisha zaidi: kurasa nyingi ni waandishi wa Kimarekani wanavyooneana kijicho. Asiyeijua dunia ile atazipita hajacheka. Tortilla ina kijiwe cha vibarua kinachofungwa; nani Kasulu anahitaji kufafanuliwa hilo? Kikao cha kwanza someni kwa sauti América anaposugua sanamu za Buddha kwa dawa kali hadi mikono inababuka.

Dagaa_Kibirizi: Haya, Tortilla. Ila mkifika mwisho, Cándido anapomnyoshea Delaney mkono kwenye maji, msikimbilie kusema wamepatana. Mafuriko hayohayo yametoka kumchukua mwanawe. Rudini kwenye zile dola 20, ndipo mbishane.