Nyumbani kwa Bibi: kuku wamehamia viotani

18:51 Zuhura: Jamani mliomo humu, habari za jioni. Nimetoka kwa Mama sasa hivi. Kuku hawalali tena kwenye fito. Nimefungua banda nikakuta wanne wamejazana kiota kimoja, wawili wamo cha pili, na yule mwekundu mzee amejikunyata chini kwenye maranda, nyuma ya mlango. Fito tupu kabisa.

18:52 Zuhura: Kila mtu asome na ajibu. Jumamosi tunakwenda kurekebisha.

18:53 Zuhura: [Picha]

18:55 Zuhura: Hayo ni mayai ya leo asubuhi, angalieni yalivyo. Kuku akilala kiotani ananya humo humo usiku kucha, halafu kunapambazuka anataga juu ya mavi yake. Na mavi ya usiku si haba, karibu nusu ya yale ya siku nzima. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, uchafu unaweza kupenya. Mayai haya ndiyo anayokula Mama.

18:58 Kassim: Mama mdogo, kwani kuku akipata kitanda kizuri kuna ubaya? 😂 Hata mimi ningechagua kiota

18:59 Zuhura: Kassim, sitanii.

19:05 Rehema: Shikamoo shangazi. Ni kweli. Imeanza tangu tulipowaingiza wale wanne wapya. Wao ndio walikimbilia viotani, wakubwa wakafuata.

19:07 Zuhura: Marahaba mwanangu. Sababu iko wazi, viota viko juu kuliko fito. Kuku jioni hutafuta pa juu, ndivyo alivyoumbwa. Asili yao ni kuku mwitu wa misitu ya Asia, na wale mpaka leo hupanda mtini kulala ili wasifikiwe na wanyama wa chini. Hawa wa kwetu hawajasahau. Ukimwekea kiota juu ya ufito atalala kiotani, hata umfukuze vipi.

19:09 Zuhura: Nimepima. Fito ziko sentimita 50 kutoka sakafuni, viota viko 90. Aliyepanga hivyo alipanga kinyume.

19:40 Zuhura: Naona mmesoma wote.

20:17 Shaabani: Aliyepanga hivyo yumo humu, dada.

20:18 Zuhura: Sijataja jina la mtu.

20:21 Shaabani: Hukuwa na haja. Siku ya kujenga uliahidi kuja hukutokea, nikashika nyundo peke yangu. Sikusema kitu. Hata la ule mlango sikusema kitu.

20:25 Mama Salma: Jamani, ule mlango tena?

20:26 Kassim: Ule mlango una umri mkubwa kuliko banda lenyewe 😂😂

20:26 Mama Salma: Kassim, hayo si yako.

20:28 Zuhura: Hapa hatujaja kuzungumzia mlango.

20:31 Mjomba Idi: Nawatakieni nyote usiku mwema na afya njema. 🌹🌹🌹

20:32 Farida: Nawe pia babu 🌹

20:40 Rehema: Samahani, kuna jambo jingine na naona hili lina haraka. Jana giza lilipokolea niliingia bandani na tochi. Chini ya fito, kwenye nyufa pale zinapogusana na ukuta, kuna vidudu vidogo mno, vyekundu. Nilivifuta kwa karatasi nyeupe ikabaki michirizi ya damu. Mchana nikiangalia sioni hata kimoja.

20:41 Kassim: Rehema mpelelezi wa usiku 🔦

20:41 Farida: Kumbe ndiyo maana hupokei simu, uko kazini 😂

20:42 Kassim: Jogoo ndiye mshukiwa wa kwanza

20:43 Farida: Hakuna jogoo pale, aliondoka mwenyewe

20:43 Kassim: Alitoroka baada ya kuhojiwa

20:50 Zuhura: Hebu nyamazeni wote wawili. Rehema anaeleza jambo la hatari mnacheza.

20:54 Zuhura: Rehema, hao ni utitiri. Mchana wamo kwenye nyufa za mbao, usiku wanatoka kumnyonya kuku akiwa amelala. Kuku anayeng'atwa kila usiku huuacha ufito, na wengine hulikataa banda zima wakalale nje. Kwa hiyo tuna sababu mbili, si moja. Huyo mwekundu kishungi chake kikoje?

20:56 Rehema: Kimepauka shangazi. Nilidhani ni uzee.

20:59 Zuhura: Damu imepungua huyo. Na msidhani watajifia wenyewe. Utitiri hukaa miezi bila kula, na kukiwa na joto kizazi kipya kinakamilika ndani ya wiki moja hivi. Ukisafisha mara moja ukaacha, mayai yao yaliyobaki yanaangua unarudi ulipoanza. Lazima kurudia. Dawa ya unga aulizwe daktari wa mifugo, na aulizwe pia kama mayai yanalika wakati huo.

21:08 Shaabani: Ufito haufai kupigiliwa misumari. Ukalishwe kwenye kitako cha mbao kilichochongwa mfereji, uwe unainuka. Kila mara unatolewa nje, unamwagiwa maji yanayochemka, unaanikwa juani. Na vile vitako vichunguzwe, humo ndimo wanamojificha.

21:10 Zuhura: Ahsante. Hayo ndiyo maneno ninayoyataka humu.

21:14 Zuhura: Basi Jumamosi iwe hivi. Fito za zamani zote nje. Viota vishushwe hadi sentimita 30. Fito mpya ziwe 70, zote kimo kimoja. Msiniletee habari ya kupanga kama ngazi, hiyo inaleta vita kila jioni, kila kuku anagombea ya juu na wanyonge wanaangushwa. Mbao iwe pana, sentimita 5 hadi 9, upande mpana ndio uwe juu, pembe zipigwe randa. Kuku akikaa hapo anaweka wayo wote na manyoya ya tumbo yanafunika vidole. Bomba la chuma hapana, linateleza na usiku linakuwa baridi.

21:16 Zuhura: Kila kuku apewe sentimita 25. Wako saba, kwa hiyo mita 2 zinatosha na kubaki, lakini nataka fito mbili ili mnyonge awe na pa kukimbilia. Ukutani tuache 30 mikia isisugue. Kati ya ufito na ufito 40.

21:17 Zuhura: Na chini ya fito tuweke ubao wa kukingia mavi, unakwanguliwa kila asubuhi. Ile harufu inayochoma macho ukifungua banda haitakuwepo.

21:18 Zuhura: Nani analeta msumeno, nani analeta mbao, nani anakuja saa ngapi. Naomba majibu usiku huu.

21:36 Bibi: [Ujumbe wa sauti, 1:04]

21:39 Kassim: Niko kwenye gari siwezi kusikiliza, Bibi anasemaje?

21:44 Rehema: Naandika kama alivyosema. "Hamjambo wanangu. Nimesomewa yote. Viota pale juu nilimwambia mimi Shaabani aviweke. Yeye alitaka kuviweka chini, mimi nikakataa. Mgongo wangu hauinami tena. Asubuhi nafunua kifuniko nimesimama, natoa mayai yangu, naingia ndani. Katika nyumba hii ni kazi hiyo moja iliyobaki ambayo sijamwachia mtu. Mkivishusha mtakuwa mmeninyang'anya. Na wewe Zuhura, ndugu yako usimseme mbele ya watoto."

21:45 Rehema: Mwisho wa kunukuu.

22:12 Zuhura: Nimesikia, Mama.

22:13 Mjomba Idi: Dada kasema.

22:40 Mama Salma: Ndiyo nimefika nyumbani nasoma sasa. Kama viota havishuki, si fito zipandishwe?

22:46 Zuhura: Nimelifikiria hilo dada. Ili ufito upite viota kwa kuonekana uwe 120. Wale wapya ni wepesi watafika. Huyo mwekundu na mwenzake mweusi ni wazito. Kupanda watajitahidi, shida ni kushuka. Kuku mzito akiruka kutoka juu kila asubuhi kwenye sakafu ngumu anaumia miguu, wayo unavimba chini, unatokea kovu jeusi, kidonda kinaingia ndani.

22:49 Rehema: Mwekundu anachechemea kidogo mguu wa kushoto.

22:50 Zuhura: Mgeuze wayo kesho kukiwa na mwanga. Ukiona kovu jeusi niambie mimi kwanza.

22:58 Shaabani: Wawekewe ubao wa kupandia, mlalo usiwe mkali, wenye vipande vya kukanyagia. Na maranda yawe mengi pale wanapotua. Wazito watautumia, wepesi wataruka.

23:01 Shaabani: Lakini 120 haiwezekani upande wa nyuma. Paa pale liko 150 na dirisha la hewa liko papo hapo. Utakuwa umemweka kuku upepo ukimpiga usiku kucha. Hewa inatakiwa ipite juu ya vichwa vyao. Upande wa mbele paa liko 190, hapo sawa.

23:03 Zuhura: Mbele ndiko viliko viota na maji ya kunywa. Mavi yote yatadondokea humo.

23:04 Shaabani: Maji yanahamishika.

23:04 Zuhura: Viota je?

23:15 Zuhura: Shaabani?

23:31 Mama Salma: Ameshalala huyo. Mimi nina wazo jingine, viota visiguswe ila vifungwe jioni. Pazia la gunia au kibao chenye bawaba.

23:34 Zuhura: Linafaa, dada. Kifungwe kabla jua halijazama, kifunguliwe alfajiri, kwa sababu wengi hutaga asubuhi, na akikuta kimefungwa atataga ovyo sakafuni. Tatizo ni mtu. Nani atakuwa pale kila jioni? Mama anaingia ndani mapema na Rehema anarudi kumeshaingia giza.

06:20 Mjomba Idi: Asubuhi njema. 🌹🌹

06:48 Kassim: Mimi naweza jioni, wiki hii yote. Napita hapo hapo nikitoka kazini. Nifanye nini hasa?

06:55 Zuhura: Ubarikiwe. Ukiwahi, funga viota. Ukikuta wameshaingia subiri giza litulie, umshike kila mmoja kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, umweke kwenye ufito taratibu. Gizani kuku haoni vizuri, ukimweka atabaki hapo hapo. Anza na wale wapya. Usiwashe taa kubwa, tochi ielekeze chini. Rudia kila jioni mpaka uwakute wamepanda wenyewe.

06:57 Kassim: Na akinidona?

06:58 Farida: Unapiga kelele tunakuja 😂

07:02 Zuhura: Hakudoni, usiku wanapoa. Rehema, yeyote anayelala kiotani kwa sababu anaatamia usimtoe kwa nguvu, niambie.

07:05 Rehema: Hakuna anayeatamia, nimekagua. Mwekundu wayo wake hauna kovu, umevimba tu kidogo pembeni.

07:06 Zuhura: Afadhali. Huyo kwa sasa asirukishwe popote.

07:30 Zuhura: Sasa Jumamosi. Nasubiri majina.

09:12 Farida: Mama mimi Jumamosi nina mtihani. Jumapili naweza.

09:40 Shaabani: Msumeno na randa ninavyo. Mbao ya mita 2 ninayo moja. Ya pili sina. Na ubao wa kupandia unataka kipande kipana, sina pia.

09:41 Shaabani: Isipokuwa tukate ule mlango.

09:43 Mama Salma: Mlango haukatwi.

09:44 Shaabani: Umeegemea ukuta miaka yote hiyo haufungi kitu.

09:44 Mama Salma: Nimesema haukatwi, Shaabani.

09:50 Zuhura: Dada, tuzungumze kwa simu mimi na wewe.

12:05 Rehema: Shangazi, ba'mkubwa wa jirani alikuja na nyundo akanisaidia. Tumeng'oa fito zote, nimezimwagia maji ya moto, ziko juani. Utitiri ulikuwa umejaa kwenye matundu ya misumari, mwingi kuliko nilivyodhani. Lakini mbili zimepasuka wakati wa kung'oa, na iliyobaki imeoza upande mmoja.

12:06 Rehema: Kwa hiyo usiku wa leo bandani hakuna ufito hata mmoja.

12:20 Zuhura: Rehema! Tulisema Jumamosi.

12:21 Rehema: Bibi ndiye alisema zisilale tena humo.

12:24 Zuhura: Haya.

13:10 Shaabani: Nakuja saa 11 jioni na hiyo moja niliyonayo. Nitaikalisha kimo cha zamani kwa leo, upande wa nyuma, chini ya dirisha. Mita 2 zinawatosha wote saba. Kassim awahi afunge viota, vinginevyo tutakuwa hatujafanya kitu.

13:11 Kassim: Nitawahi mjomba.

13:15 Zuhura: Shaabani, ahsante. Na mimi nitakuwepo.

13:16 Zuhura: Ila hiyo ni ya leo tu. Mbele au nyuma bado hatujakubaliana, na ubao wa kupandia bado haupo. Dada, umeona nimekupigia simu?

15:02 Zuhura: Dada?

15:47 Farida: Kwa hiyo ni Jumamosi au Jumapili?