Klasi iliyo ndani ya klasi nyingine inakataa kuunda objekti katika Java

Muulizaji, Moshi
Habari zenu, ndugu zangu. Ninajifunza Java kwa kuandika programu ndogo ya chama cha msingi kinachopokea kahawa ya wakulima. Nina klasi (kiolezo cha kuundia objekti) `Chama` yenye `beiYaKilo`, na ndani yake nimeweka klasi `Mzigo` inayokokotoa malipo ya mkulima. Nikiandika `new Mzigo(48)`, yaani mzigo wa kilo 48, ndani ya `main`, mahali programu inapoanzia, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inalalamika kwamba `this` haiwezi kutajwa katika muktadha wa `static`. Nimeongeza `static` kwenye `Mzigo`, na sasa `beiYaKilo` ndiyo inayokataliwa. Naomba kueleweshwa.

Jibu kutoka Arusha
Ndugu, makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Klasi ya ndani isiyo na `static` hubeba kiungo kilichofichika kinachoielekeza kwenye objekti moja mahususi ya klasi ya nje, hapa chama kimoja halisi, na kwa kiungo hicho `Mzigo` husoma bei bila kupewa. Kwa kuwa `main` ni `static`, yaani ni ya klasi yenyewe wala si ya objekti fulani, haina chama chochote mkononi, hivyo Java haiwezi kujua mzigo huo ni wa chama kipi. Anza kwa kuunda chama:

`Chama a = new Chama(6500);`
`Chama.Mzigo m = a.new Mzigo(48);`

Malipo ya kilo 48 kwa bei ya 6,500 yatakuwa shilingi 312,000. Ulipoongeza `static` ulikata kiungo hicho, na bei ikakosa mwenyewe.

Jibu la pili, Moshi
Maelezo ya mwenzangu ni sahihi, ila kwa kazi hii ningebakiza `static`. Mzigo unaosoma bei kupitia chama husoma bei ya sasa. Chama kikishusha bei hadi 6,200 katikati ya msimu, mkulima aliyepimiwa kilo 48 wiki iliyopita ataonekana anadai 297,600, jambo ambalo hakuna mkulima atakayelikubali. Mpe `Mzigo` bei ya siku ya kupima kupitia konstrakta (sehemu inayoandaa objekti mpya inapoundwa), `new Mzigo(48, a.beiYaKilo)`, naye aihifadhi mwenyewe.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, `Mzigo` ikiwa `static`, bado itaweza kusoma `beiYaKilo` ambayo ni `private`, yaani inayoonekana ndani ya `Chama` tu?

Jibu la pili, Moshi
Ndiyo, mradi uipe objekti ya `Chama` ya kusoma. Neno `static` huondoa kile kiungo tu. Haki ya kuona vilivyo `private` inatokana na `Mzigo` kuandikwa ndani ya `Chama`.